Futi 29,000, si zaidi: Unguja hadi Maskati na mgonjwa mmoja

Jumatatu, Dar es Salaam

Rubani wa shirika kubwa anajua mwezi mzima atalala wapi. Sisi wa ndege za kukodi tunaijua leo tu, na hiyo leo yenyewe hubadilika kabla chai haijapoa. Ndiyo maana begi langu hukaa nyuma ya mlango likiwa tayari: mashati meupe matatu, kanga, pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, chaja mbili. Mama akija kutoka Tanga huliangalia begi lile kwanza, kisha ndipo aniulize hali.

Simu ya ofisi iliingia saa saba mchana. Mgonjwa yuko Unguja, apelekwe Maskati, tuondoke Jumatano alfajiri. Ndani tutakuwa sita: mgonjwa, binti yake, daktari, muuguzi, kapteni, na mimi rubani msaidizi. Ndege ni Citation Bravo, jeti ndogo ya injini mbili ambayo siku za kawaida hubeba wakurugenzi na watalii. Jioni mafundi waling'oa viti vya upande mmoja, wakafunga machela na mitungi ya oksijeni.

Dalali aliyeuza safari hii alishawaahidi ndugu wa mgonjwa kwamba tutatua Jibuti tu kuongeza mafuta, na kwa saa saba watakuwa wamefika. Kwenye ramani hakukosea. Unguja hadi Jibuti ni kama maili za baharini 1,090, na Jibuti hadi Maskati kama 1,130. Citation ikiruka futi 41,000 inazimudu zote mbili. Tatizo lilikuwa kwenye barua ya daktari, na nafurahi kwamba kapteni aliisoma mpaka mstari wa mwisho.

Mgonjwa ni bibi wa karibu miaka themanini. Alikuja Unguja kwenye harusi ya mjukuu, akaugua. Pafu lake la kushoto lilitoboka, hewa ikavujia kifuani, akawekewa mpira wa kuitoa. Amepata nafuu, lakini picha ya mwisho inaonyesha bado kuna hewa kidogo iliyonasa nje ya pafu. Daktari aliandika kwamba anaweza kusafiri ikiwa kabini haitapanda zaidi ya futi 3,000.

Abiria wengi hawajui kwamba hewa ya ndani ya ndege si ya ardhini. Tukiwa futi 41,000, kabini yetu huwa na hewa kama ya futi 7,000 hivi, ni kama umesimama kwenye vilima vya Njombe. Mtu mzima wa afya atasikia masikio tu. Lakini hewa iliyofungiwa mahali, mgandamizo ukipungua, hutanuka. Kwa futi 7,000 hutanuka karibu theluthi. Kwenye pakiti ya biskuti haina neno, itavimba tu. Kwenye kifua cha mtu mzee, hewa hiyo itatafuta nafasi, na nafasi yenyewe ni ya pafu na moyo.

Mwili wa ndege nao una kikomo cha kuhimili tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Tulikaa na kapteni na vitabu vya ndege mezani, tukapiga hesabu. Ili kabini ibaki chini ya futi 3,000, tusipande zaidi ya futi 29,000. Hapo chini hewa ni nzito na injini za jeti hunywa mafuta zaidi, karibu theluthi zaidi. Safari ya kituo kimoja ikawa ya vituo vitatu: Mombasa kujaza matangi, Jibuti, Salalah, ndipo Maskati.

Dalali alipiga simu mara sita. Mara ya nne alipendekeza tujaze Nairobi badala ya Mombasa, kwa kuwa ana watu wake kule. Kapteni alimjibu kwa upole: "Ndugu yangu, Nairobi uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300. Nikitua pale, mgonjwa nimempandisha." Addis Ababa ndiyo usiseme, uko zaidi ya 7,600. Kwa mgonjwa huyu ilibidi tufuate viwanja vya pwani, kimoja baada ya kingine, kama wafanyavyo wenye majahazi.

Jumanne, Unguja

Asubuhi yote ilikwenda kwenye vibali. Kila nchi utakayopita angani inataka barua yake, hata kama hutagusa ardhi yake. Safari ya mgonjwa hupewa kipaumbele, ila kipaumbele hakiji chenyewe, lazima mtu akae na simu. Kibali cha mwisho kilifika saa tisa alasiri, tukawasha injini saa kumi. Dar hadi Unguja ni robo saa. Hujamaliza kupanda, unateremka.

Kusi lilikuwa likivuma sawasawa, upepo wa Julai, mkavu na wa baridi kidogo, minazi yote imeinamia upande mmoja. Nilitaka kulitazama kwa makini. Kusi hili hili linalopuliza hapa ndilo linalopita pwani ya Somalia likiongezeka nguvu, kisha linagonga milima ya Dhofar kule Salalah na kugeuka ukungu na manyunyu. Waomani huuita msimu huo harifu, na watu husafiri kutoka kwenye joto la nchi jirani kwenda kuushangilia. Sisi tunauogopa kwa sababu ukungu hulala juu ya njia ya kurukia.

Jioni binti wa mgonjwa alikuja uwanjani kutuona. Alikuwa na mabegi makubwa matano na hasira aliyoistiri vizuri. Alisalimia vizuri, akauliza hali, kisha akasema: "Kapteni, sisi tumelipa safari ya moja kwa moja. Mama yangu mgonjwa, nyinyi mnataka kumtembeza kama daladala?"

Kapteni hakujitetea. Aliingia ndegeni akatoka na chupa tupu ya maji, ya plastiki, aliyoifunga kizibo juu angani wiki iliyopita akaisahau mfukoni mwa kiti. Ilikuwa imekunjamana, mbavu zake zimeingia ndani kana kwamba mtu ameikamua kwa mkono. Akampa aishike.

"Niliifunga juu, nikaja nayo chini. Hakuna aliyeibana. Ni hewa tu."

Yule dada aliigeuzageuza ile chupa. Akakaa kimya muda. Kisha akasema polepole: "Basi mama akipanda, ndani yake itakuwa kinyume cha hivi."

"Ndiyo."

Hakuuliza tena habari ya vituo. Mabegi tulipima, mawili yakapanda, matatu akayaacha kwa nduguze, pamoja na ndoo ya samli iliyomuuma kuiacha kuliko nguo. Nilimwonea huruma. Ila kila kilo niliyoikataa niliibadilisha na mafuta, na nilijua kesho nitayahitaji.

Jumatano, Unguja hadi Maskati

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa uwanjani. Kwa tochi nilizunguka ndege kama ninavyozunguka kila siku: matairi, kingo za mabawa, mdomo wa injini. Nilivua vifuniko vyekundu vya mirija inayopima mwendo. Nyigu wa pwani hupenda kujenga humo kwa udongo, na mrija ukizibwa, kipima mwendo kinadanganya. Nilimulika ndani ya kila mmoja, kisha nikamulika tena.

Ambyulensi ilikuja hadi kwenye bawa. Bibi alikuwa mwembamba, amejifunika kanga juu ya blanketi la hospitali, kidole kimebanwa na kipima oksijeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye utakayetuchukua?"

"Mimi na kapteni, bibi."

"Mtoto wa nani wewe? Wa wapi?"

"Wa Tanga, bibi. Chumbageni."

"Aa," akasema, akafumba macho, kana kwamba jambo moja limeshatengenea.

Saa kumi na mbili juu ya alama tuliondoka. Mombasa ni nusu saa. Tuliruka chini kiasi kwamba kabini ilibaki kama ya ufukweni, kisiwa cha Pemba kikapita chini yetu kijani kibichi, na mawimbi meupe ya kusi yakipasukia upande wa mashariki. Mombasa gari la mafuta lilikuwa likingoja. Nilichota mafuta kwenye chupa angavu nikayainua kwenye mwanga kutafuta maji. Maji ni mazito, hukaa chini kama shanga. Hakukuwa na kitu. Tukajaza mpaka juu.

Mombasa hadi Jibuti ni saa mbili na dakika arobaini. Niseme ukweli, kwa muda huo wote sikutazama sana nje. Mto Tana niliuona, wa rangi ya chai ya maziwa ukimwaga baharini, kisha nchi kavu ya hudhurungi ikafuata isiyokwisha. Macho yangu yalikuwa kwenye saa moja ndogo chini ya dashibodi, yenye sindano mbili. Ndefu inaonyesha kabini iko futi ngapi, fupi inaonyesha tofauti ya hewa ya ndani na ya nje. Ile ndefu ilisimama kwenye 2,800. Fupi ilikaribia mstari wa mwisho ila haikuugusa. Kila dakika tano niliandika zote mbili, na muuguzi kutoka nyuma akanipa namba ya oksijeni ya bibi: 94, 93, 94, 94.

Waongoza ndege wa Addis Ababa walitupa njia fupi zaidi waliposikia tuna mgonjwa. Nawashukuru. Kuna sehemu za anga za Afrika ambako redio za ardhini hazikufikii vizuri, na marubani hutangaziana wenyewe kwenye masafa ya 126.9: niko hapa, naelekea kule, kimo changu hiki. Husikia sauti ya Mhabeshi, ya Mfaransa, ya Mkenya, kila mtu akimtunza mwenzake asiyemwona. Katika kazi hii hakuna kitu ninachokipenda kuliko hicho.

Jibuti tulifungua mlango, joto likaingia kama la tanuri la mikate. Nyuzi 41, na upepo wa vumbi. Jeti yetu haina injini ya tatu ndogo mkiani ya kuendesha kipoza hewa ardhini, kwa hiyo injini zikizimwa kabini huchemka ndani ya dakika chache. Tulikuwa tumeagiza ambyulensi yenye kipoza hewa, na ilikuwepo. Bibi akahamishwa na machela yake, daktari akaingia naye.

Ndipo taarifa ya Salalah ilipofika. Mawingu futi 200, kuona mita 1,200, manyunyu. Utabiri ulisema yatainuka alasiri. Tuliyakodolea macho maandishi yale mafupi kwenye simu ya kapteni. Mafuta tuliyoweza kubeba yalitosha kufika Salalah, kujaribu, na tukishindwa, kukimbilia Duqm, pwani ya kati ya Oman. Kisheria tungeweza kubahatisha. Kapteni alisema tutangoja.

Binti alishuka kwenye ambyulensi. Jasho lilikuwa likimtiririka, na subira yake ya jana ilikwisha. Alisema maneno ambayo mtu husema mama yake akiwa kwenye machela nchi ya ugeni: kwamba tumechukua pesa, kwamba kama angekuwa waziri tungekuwa tumesharuka, kwamba lolote likimpata mama yake lipo shingoni mwetu. Kapteni aliyapokea yote amesimama juani bila kofia.

Mteja wa ndege ya kukodi anaweza kununua saa ya kuondoka, chakula, kiti, hata kunyamaza kwetu. Kuna waliozoea kwamba kila kitu kina bei, na madalali huwazoesha zaidi. Lakini kama rubani anaweza kusukumwa akaingia kwenye mawingu ya futi 200 kwa sababu aliyelipa amekasirika, basi amelipia nini huyo mtu? Nasema hivi nikijua kuna wenzetu waliosukumwa.

Aliyemaliza mambo ni bibi. Mlango wa ambyulensi ulikuwa wazi kidogo, sauti yake ikatoka nyembamba na wazi kabisa, kile Kiunguja cha Mji Mkongwe:

"We mwana, waache watu. Babu yako akingoja upepo mwezi mzima pale Malindi, na jahazi limeshapakiwa boriti. Hawa wangoja saa mbili, wewe wapiga kelele."

Tuliondoka saa nane na dakika kumi mchana, mawingu ya Salalah yakiwa yameinuka hadi futi 400. Tulifuata Ghuba ya Aden, bahari chini yetu imechafuka, Uarabuni kushoto hauonekani kwa vumbi. Kimo kile kile, sindano ile ile, 2,900 safari hii, na bibi 92, daktari akiongeza oksijeni kidogo.

Kuteremka ilikuwa kazi ya ziada. Kabini nayo huteremka, na tulitaka iteremke taratibu, kwa hiyo tulianza mapema, mimi mkono kwenye kitufe cha mgandamizo. Kwenye futi 3,000 tuliingia kwenye kitu cheupe, na kioo cha mbele kikawa kama kimefunikwa shuka. Kapteni alirusha kwa vyombo, mimi kazi yangu kusoma kimo na kutafuta taa. Futi elfu moja. Mia tano. Mia nne, hakuna kitu. Mikono ya kapteni ilikuwa ikisogea kidogo sana, kama ya mtu anayeshona. Mia tatu. Nilishaanza kuvuta pumzi ya kusema hakuna, kwa kuwa kwenye 200 tusipoona tunaondoka, ndipo doa la manjano likatokea, kisha mstari mzima wa taa, na njia ya kijivu ikimeta kwa maji.

"Taa zipo, mbele moja kwa moja."

"Natua."

Magurudumu yaligusa kwa sauti ya maji tu. Nje Salalah ilikuwa baridi, nyuzi ishirini na kidogo, manyunyu yakituanguka usoni, na milima nyuma ya ukungu ya kijani kama Usambara. Saa mbili kabla tulikuwa tanurini. Binti alishuka, akasimama kwenye mvua ile nyembamba, akaelekea kwa kapteni. Sikusikia alilosema. Nilimwona kapteni akiweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa.

Salalah hadi Maskati ni saa moja na robo, usiku ukatukuta njiani. Muda wetu wa kazi ulikuwa umefika mwisho. Kapteni alituuliza mmoja mmoja, mimi kwanza, kama tumechoka kiasi cha kutoendelea. Kisha akauongeza kwa mamlaka anayopewa kapteni, akaandika ripoti yake. Tulitua saa moja na nusu kwa saa za huko. Jangwa lote lilikuwa giza, halafu ghafla Maskati, taa zimebanwa kati ya majabali na bahari.

Walipomteremsha, bibi alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto na mwepesi.

"Ulikuwa ukiandika nini muda wote? Nilikuona kwa nyuma."

"Kimo cha hewa yako, bibi."

"Kilikuwa ngapi?"

"Hakijavuka elfu tatu hata mara moja."

"Alhamdulillahi," akasema, wakamwingiza garini.

Alhamisi, Maskati

Siku ya kupumzika. Nililala hadi saa tano. Mchana mtoto wa kiume wa bibi alikuja hotelini kutuchukua, hakutaka kusikia udhuru. Nyumbani kwao sebule nzima ilikuwa Kiswahili. Familia hii iliondoka Unguja baada ya 1964 na kutangatanga kidogo. Sultani Qaboos alipotawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi nyumbani, nao wakaja. Watoto waliozaliwa Maskati wanasema "yakhe" na wanagombana kuhusu tui la maharage kwa lafudhi ya Shangani, na huku kiyoyozi kinanguruma na nje ni nyuzi arobaini.

Tulikula ubwabwa wa nazi, samaki wa kupaka, na vitumbua. Hospitali walipiga simu tukiwa mezani: picha ya kifua haijabadilika tangu Unguja. Hakuna hewa iliyoongezeka. Kapteni aliendelea kula, ila niliona ameweka kijiko chini kwanza, akakaa, ndipo akakiinua tena.

Ijumaa, Maskati hadi Dar

Kurudi tupu. Kapteni alinipa kipande cha kwanza cha safari nirushe mimi. Futi 40,000, kabini elfu sita na mia kadhaa, na hakuna wa kumwandikia namba. Kutoka juu kule anga ni samawati iliyokoza karibu na weusi, na ukungu wa Dhofar ulionekana kama pamba iliyotandazwa kwenye ukingo mmoja tu wa nchi, kwingine kote mchanga. Jibuti tulijaza haraka kabla jua halijakaza. Saa sita na robo tulikuwa Dar. Nikavisha mirija vifuniko vyake vyekundu, kapteni akaandika kitabu cha ndege: saa za injini, kutua mara ngapi, taa ya kulia ya kutua iliyoanza kufifia.

Saa saba nilimaliza kazi. Saa tisa ofisi walipiga. Kuna mteja wa Dodoma, anataka kuondoka saa tatu usiku huu huu, kapteni mwingine yupo, anakosekana msaidizi.

Nilihesabu kwa vidole. Saa saba hadi saa tatu ni saa nane, na mapumziko ya lazima hayajatimia.

"Hapana," nikasema. "Alfajiri naweza. Usiku huu siwezi."

"Mteja ni mkubwa."

"Najua. Mwambieni alfajiri."

Walikata simu bila kuaga. Nikafungua begi, nikafua mashati matatu na kuyaanika kwenye kamba ya nyuma. Kwa kusi hili yatakauka kabla ya magharibi.